Bolti Mbili Zilizobaki

Fundi cherehani hakupanda basi ili asikilize ya watu, ila masikio hayana pazia. Kiti cha mbele yake, kinyozi mmoja alikuwa akimsimulia mama muuza spea jinsi alivyolifufua gari lake.

"Breki kubwa na shokapu, zote nimezitoa kwenye gari lililogongwa, kwa bei ya kutupa. Nimefunga mwenyewe! Rahisi ghali, wanasema. Mimi nawacheka."

Mama akamsifu. Breki nzima ya mtumba, alisema, huishinda mpya ya bandia. Kinyozi akavimba kichwa, akatoa bolti mbili mfukoni. "Na hizi zikabaki. Gari limepungua uzito!"

Mama akazipokea, akazigeuzageuza, na kicheko kikamkauka. "Mwanangu, hizi ndizo zinazoishikilia breki pale kwenye gurudumu."

"Lakini uani nilijaribu, likasimama vizuri."

"Uani hata toroli husimama. Gari liko wapi sasa?"

Kinyozi alizitazama zile bolti kana kwamba zimemng'ata. "Mke wangu analo. Anampeleka mama yake kliniki, kule bondeni."

"Bondeni? Na mteremko ule? Mpigie!"

"Akiwa anaendesha hapokei simu. Mimi mwenyewe ndiye niliyemkataza."

Basi likafunga breki kituoni. Fundi cherehani, ambaye tangu azaliwe hajaendesha kitu ila cherehani, akajikuta mguu wake wa kulia umekandamiza sakafu kwa nguvu zote, na haukubali kuinuka.