Kitambaa Cheusi cha Saa ya Bunge

Mheshimiwa Spika, Waheshimiwa Wabunge wa pande zote mbili, mliosalimiana vizuri asubuhi na mkanyimana hata chumvi mchana, Ndugu Katibu wa Bunge na watumishi wote, wageni waalikwa mlioko juu kwenye roshani, na wewe kaka Senad Mujkić, uliyesimama mlangoni na ufunguo wako, ambaye itifaki haina mstari wa kukutaja, nami nakutaja: amani iwe kwenu nyote.

Nimepewa dakika ishirini. Saa ya ukutani, ile iliyo juu ya kiti cha Mheshimiwa Spika, inaonyesha saa kumi na moja na dakika thelathini na nane jioni. Sheria ya jimbo letu inasema saa kumi na mbili kamili kikao cha mwaka kinakufa, na mswada ambao haujapigiwa kura unakufa nacho. Mswada wa maji bado umekwama kwenye kamati. Kwa hiyo tusidanganyane. Mmenipa nafasi ya kuaga kwa sababu mnanipenda, na pia kwa sababu mnahitaji mtu wa kujaza muda. Niwieni radhi nikiitazama saa kila mara. Mnajua mimi situlii. Nanyi kwa upendo wenu mmeninunulia kiti cha kubembea! Mtu asiyeweza kukaa, mnampa kiti kisichotulia. Nashukuru sana, tutafaana.

Niliingia humu miaka ishirini na miwili iliyopita, mchungaji wa Kilutheri kutoka kanisa la watu sitini, nikidhani kazi ya kasisi wa Bunge ni kuomba dakika mbili asubuhi kisha kwenda zangu. Wiki ya kwanza Mheshimiwa Feldsher, ambaye ni Myahudi, alinisubiri kwenye korido.

"Mchungaji, leo umemtaja Yesu mara ngapi?"

"Mara moja tu, Mheshimiwa."

"Mimi nimehesabu mbili, na kikohozi kimoja ambacho sikukielewa."

Tukacheka, na tangu siku ile akawa mwalimu wangu. Alinifundisha kwamba mtu anaweza kuinamisha kichwa kwa adabu bila kuitikia amina. Mama Vasanthi, Mhindu wa chumba cha uchapaji, hakuwahi kuniomba sala hata moja. Aliniomba nimkumbushe bosi wake kwamba hata mwaka huu Diwali ipo. Na wale wasioamini kitu chochote, ambao hutoka nje nikianza kuomba, ndio hao hao waliokuja ofisini kwangu mchana, barua ya talaka mkononi, wakafunga mlango wakalia. Siri ya mtungi aijuaye kata. Je, niliwafaa? Sijui. Kuna siku nilifaa, na kuna siku moja sikufaa kabisa, na hiyo ndiyo iliyonifanya niombe kuzungumza leo badala ya kula keki na kuondoka.

Wageni wa roshani huenda hawajui desturi yetu. Saa kumi na mbili ikikaribia na mswada haujafika, saa ile hufunikwa kwa kitambaa cheusi. Ikishafunikwa, haisogei. Hata kikao kikiendelea mpaka usiku, kitabu cha kumbukumbu huandika kwamba tumefunga saa kumi na mbili kamili, na mahakama haitambui lingine ila lililoandikwa kitabuni. Milango nayo hufungwa kwa ufunguo, ili wabunge wasitoroke wakavunja akidi. Na anayepanda ngazi kuifunika saa ni kasisi. Mzee aliyenitangulia alinikabidhi kitambaa hiki, mnakiona, akaniambia, "Sisi ndio tunaopewa, kwa sababu hatuna chama." Nikajiona nimeheshimiwa. Leo naona walitafuta mtu ambaye akisema uongo hakuna atakayemshuku.

Nimepanda ngazi ile mara kumi na moja.

Mara ya tisa ilikuwa miaka sita iliyopita, mwezi wa tano kama huu. Tulikuwa na mswada wa hospitali za mashambani. Hospitali kumi na moja zilikuwa zifungwe. Mimi nilizaliwa ndani ya gari la kubebea mahindi, maili arobaini kutoka kwa daktari wa karibu, na mama yangu hakuacha kunikumbusha. Kasisi hana kura, Waheshimiwa, lakini moyo anao, na mswada ule niliutaka kuliko kitu chochote nilichowahi kukitaka ndani ya ukumbi huu. Saa kumi na mbili kasoro dakika mbili nikapanda, nikafunika. Senad akafunga mlango, akatia ufunguo mfukoni. Simu yake, kwa kanuni ya walinda mlango, ilikuwa kwenye droo huko nje.

Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano, kwa saa yangu ya mkononi, simu yangu ikatetemeka. Alikuwa Lejla, binti yake Senad, akipiga kutoka hospitali.

"Mchungaji, mwambie baba aje sasa hivi. Daktari anasema mama hafiki asubuhi. Anamwita."

"Namwambia, mwanangu."

Hospitali iko dakika kumi na mbili kwa gari kutoka hapa. Bi Fadila, mkewe Senad, alikuwa ameugua mwaka mzima, na jambo lake moja alikuwa ameliomba mapema: ikifika saa yake, mumewe ndiye amtamkishe shahada. Hakumtaka imamu, hakumtaka jirani. Alitaka sauti aliyoizoea miaka thelathini. Walikuwa wamepita vitani pamoja hao, wakafika jimboni kwetu wakiwa na begi moja na birika la kahawa.

Nikainuka niende kwenye meza ya Spika kuomba mlango ufunguliwe. Njiani Mheshimiwa Gus Pruitt akanidaka mkono.

"Mchungaji, unakimbilia wapi?"

"Kuna simu imeingia."

"Imeingia saa ngapi?"

"Saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano."

Akaonyesha kile kitambaa. "Basi bado haijaingia! Rudi ukakae, mama, usitangulie wakati."

Waliokuwa karibu wakaangua kicheko. Mheshimiwa Pruitt, inua kichwa, tafadhali. Wewe hukujua simu ilikuwa ya nini, na kesho yake ulipojua ulikwenda kusimama makaburini saa tatu nzima kwenye mvua, kofia mkononi, na hukumtafuta mwandishi wa gazeti akupige picha. Mimi nilijua. Nilijua, na nilicheka pamoja nao. Kisha nikarudi nikakaa.

Kwa nini nilikaa? Kwa sababu tulikuwa tumepungukiwa kura mbili, na mlango ukifunguliwa kwa mtu mmoja, kumi wangepenya. Nikajiambia: dakika kumi tu. Zikapita, nikajiambia: kumi nyingine. Na hapa ndipo panaponichoma hadi leo. Sikuhitaji ruhusa ya Spika. Ufunguo ulikuwa mfukoni mwa Senad mwenyewe. Ningemnong'oneza neno moja, naye angechagua: kanuni zetu, au mkewe. Nilimnyang'anya uchaguzi huo. Alikuwa amesimama hatua sita kutoka kwangu. Akanitazama, akatabasamu, nami nikatabasamu.

Bi Fadila alifariki saa moja na dakika arobaini usiku. Mswada ulipita saa mbili na dakika nne. Mlango ulifunguliwa saa mbili na dakika kumi, nikamwambia, akakimbia bila koti. Na kitabu chetu, fungueni ukurasa wa siku ile, kinasema: Bunge liliahirishwa saa kumi na mbili kamili jioni.

Magazeti yalinakili hivyo hivyo. Bwana Zijad, kaka yake marehemu, akasoma gazeti, akafanya hesabu zake. Kikao kimekwisha saa kumi na mbili, dada yangu amekata roho saa moja na dakika arobaini, hospitali ni dakika kumi na mbili. Je, mume alikuwa wapi? Hakuuliza, na maneno ya Lejla aliyaona ya mtoto anayemkingia baba yake. Aliacha kumwitikia salamu shemeji yake, na ameacha kwa miaka sita.

Januari hii nikaona nitastaafu na jiwe hili kifuani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nikaenda nyumbani kwa Senad. Akanipikia kahawa kwenye birika lile lile.

"Senad, binti yako alinipigia simu saa kumi na mbili na dakika ishirini na tano."

"Najua."

"Unajua?"

"Lejla alinionyesha simu yake siku ya tatu ya msiba. Kunywa, inapoa."

"Miaka sita unanifungulia mlango kila asubuhi, na unajua?"

"Sasa ulitaka nikufungie nje? Mimi kazi yangu mlango."

Nikalia, naye akanisogezea sukari. Nikamwomba radhi.

"Radhi nilishakupa zamani, Mchungaji. Chuki ni mzigo, na mgongo wangu mbovu. Lakini kitabu chenu kinasema nilitoka humo saa kumi na mbili. Fadila amekufa saa moja na dakika arobaini. Hebu niambie wewe, mtu wa Mungu: mke wangu akiniita, mimi nilikuwa wapi?"

Nimezika watu wengi, nimejibu maswali mengi. Lile niliondoka nalo.

Nilimwendea Ndugu Katibu: ukurasa ule unaweza kusahihishwa? Akavua miwani, akaniambia ukweli, na ninamsifu kwa hilo. Ukiisahihisha saa, sheria ya hospitali inaanguka, kwa kuwa itakuwa imepitishwa Bunge likiwa limekwisha kufa. Mwaka jana watoto mia nne na kumi na wawili walizaliwa katika hospitali zile. Mnataka nichague? Nimetembea huku na huko chumbani kwangu majira yote ya baridi, Waheshimiwa, zulia limechakaa. Siwezi kuwaomba mrekebishe ukurasa ule, na siwezi kuuacha.

Ila Ndugu Katibu alinikumbusha kanuni nyingine. Hotuba ya kuaga huandikwa kitabuni neno kwa neno, na hakuna mwenye mamlaka ya kuikatiza wala kuifuta. Mawakili wanasema mahakama itasoma mstari wa saa na kupuuza maneno ya mchungaji anayestaafu. Vyema, ipuuze. Mimi siiandikii mahakama.

Dada mwandishi wa kumbukumbu, naomba uandike.

Siku ile, Senad Mujkić, mlinda mlango wa Bunge hili, alikuwa ndani ya ukumbi huu, kwenye mlango ule, mpaka saa mbili na dakika kumi usiku. Mkewe Fadila alipokata roho, alikuwa amefungiwa humu. Hakupewa habari. Habari ilikuwa kwangu, Ardis Holmquist, kasisi wa Bunge, na niliikalia kwa saa moja na dakika arobaini na tano. Mume hakuchelewa. Mume hakuambiwa.

Umeandika? Ahsante, dada.

Bwana Zijad, nakuona pale juu, safu ya tatu. Nilikualika kwa kadi yenye maua, ukaja ukidhani ni sherehe, nisamehe. Umesikia kwa masikio yako. Yaliyobaki ni yenu wawili, na ngazi ya roshani inashukia mlangoni pale alipo.

Sasa ni saa kumi na mbili kasoro dakika tano, na nasikia miguu ya kamati kwenye korido, wala sidhani kama watawahi. Mheshimiwa Spika, kitambaa hiki hapa, nakiweka mezani kwako. Mimi sipandi. Sisemi mwache maji ya watu yakauke kwa ajili ya dhamiri yangu. Nimeshawaambia, mimi mwenyewe jibu sina. Lakini anayetaka kuisimamisha saa, aisimamishe kwa mkono wake, na jina lake lijulikane. Na mlango usifungwe tena kwa mtu ambaye nyumbani kwake saa inatembea.

Nawashukuru kwa miaka ishirini na miwili. Nawashukuru kwa kiti, na kwa kunivumilia hata leo. Ahsanteni kwa kunipa masikio yenu mpaka mwisho.

Kaka Senad, tafadhali, fungua mlango.