Bi. Eufrazia Anaaga, Sauti Yake Inabaki Kwenye Simu Zetu

Miaka thelathini na mmoja inafungwa Ijumaa hii, tarehe 27 Juni 2025, siku ambayo Bi. Eufrazia Mushumbusi anastaafu kazi katika Rweya Vitabu, hapa Bukoba. Nimepewa heshima ya kuandika wasifu wake kwa ajili ya kijitabu cha sherehe na kwa kusomwa ukumbini, na nimeombwa uwe mchangamfu. Nitajitahidi. Lakini sisi wa idara ya usambazaji tunamuaga tukiwa na hofu, na ukurasa huu usipoisema hofu hiyo, sijui itasemwa wapi.

Aliajiriwa mwaka 1994 kama mpiga chapa. Enzi hizo kampuni ilikuwa na mashine moja ya kuchapia na vijitabu vinne: kuanzisha duka, kutunza hesabu, kukausha dagaa, na ufugaji wa kuku. Baada ya miaka sita akawa msomaji wa prufu, kisha mhariri. Vijitabu vyetu vya biashara vilipofika ishirini na sita, hakuna hata kimoja ambacho hakikupita mkononi mwake. Sisi tuliovibeba kwenye baiskeli kwenda kuviuza minadani tulimpenda kwa sababu moja ya msingi: kitabu alichohariri yeye hakikurudi na lawama.

Mwaka 2020 mauzo ya karatasi yalishuka kwa zaidi ya nusu, na uongozi ukaamua vijitabu vyote vigeuzwe kuwa vitabu vya kusoma kwenye simu na vitabu vya kusikiliza. Walidhani ni kazi ya miezi mitatu. Jedwali la faida na hasara lililokaa vizuri kwenye karatasi lilimwagika kwenye simu. Mauzo yakaangukia kwenye matumizi, na duka lililokuwa na faida likaonekana limefilisika. Kwenye sauti ilikuwa balaa zaidi. Bi. Eufrazia, aliyepewa kazi ya kusoma, alisoma jedwali la kwanza kama lilivyo, safu ya kwanza mstari wa pili, safu ya pili mstari wa kwanza, mpaka fundi mitambo wetu, Eliud, akasinzia na spika za masikioni zikiwa kichwani. Akamwambia kupitia maikrofoni, “Eliud mwanangu, kama wewe unayelipwa umelala, mvuvi wa kisiwani atafanyaje?”

Jioni hiyo aliligeuza jedwali lote kuwa habari ya mwanamke anayenunua dagaa mwaloni, wanapotua wavuvi, na kuwauza mnadani Kagoma, senti kwa senti, tangu asubuhi hadi jioni. Ndivyo tulivyoanza kupata wasikilizaji. Chumba cha kurekodia kilikuwa stoo iliyotandikwa magodoro ukutani, na kwa kuwa mvua ya Bukoba haina ratiba na bati halina adabu, alisoma mvua ilipokatika na kunywa chai iliporudi. Kuna sura ya ufugaji ambamo mbuzi wa jirani anasikika akiunga mkono hoja. Eliud alitaka kuifuta sauti hiyo, Bi. Eufrazia akakataa, akisema huyo ndiye shahidi wake.

Kufikia mwaka 2022 sauti yake ilikuwa inajulikana kuliko sura yake. Visiwani Muleba wauza dagaa walimwita Mama wa Kitabu. Watu walimwamini. Hapo ndipo hofu ilipoanzia.

Kimoja kati ya vijitabu vyetu kinahusu soko la kahawa, na ndani yake kuna onyo kuhusu butura, yaani kumuuzia mlanguzi kahawa ikiwa bado maua mtini, kwa bei anayoitaka yeye, kwa sababu ada ya shule haisubiri mavuno. Kwenye karatasi, ukurasa wa kushoto uliweka mfano wa makubaliano ya butura, na ukurasa wa kulia ukaonyesha mstari kwa mstari mkulima anavyoibiwa. Ukifungua kitabu unaziona kurasa zote mbili kwa pamoja. Lakini sauti haina kushoto wala kulia. Ofisi ilitaka sura fupi zinazorushwa kirahisi kwenye WhatsApp, kwa hiyo makubaliano yakawa sura ya nne na onyo likawa sura ya tano. Bi. Eufrazia, kwa kutotaka kuwachosha wasikilizaji, aliisoma sura ya nne kwa sauti ya mnunuzi mpole, mwenye huruma na mwenye haraka kidogo. Aliisoma vizuri mno.

Takwimu zilishatuonya. Sura ya nne ilipakuliwa mara elfu sita na mia mbili. Sura ya tano, mara mia nne na kumi. Kwenye mkutano wa mwisho wa mwaka sura ya nne ilipigiwa makofi. Hakuna aliyeuliza kwa nini watu elfu sita wanapenda mkataba wa kunyonywa.

Jibu lilikuja Januari 2023 kwa simu kutoka kijiji cha Kishanda. Mkulima mmoja, Bi. Anatolia, alitafuta namba ya ofisi akaomba kuzungumza na mwenye sauti. “Waitu, Ma Eufrazia,” alisema kwa adabu ya Kihaya, “ni wewe kweli unayetuambia tuuze maua? Hapa kuna mtu anazunguka na spika, anatusikilizisha.” Nilikuwa nimekaa meza ya pili. Nilimwona akiiweka simu chini na kuanza kukusanya vitu vyake. Alifunga mkoba uleule mara mbili.

Uongozi ulishauri tutume sahihisho kwenye makundi ya WhatsApp. Yeye alisema sahihisho litaifuata ile sura kama mtu anayekimbiza basi kwa miguu. Tukaondoka siku hiyohiyo, yeye, Eliud na mimi.

Kishanda tuliwakuta watu kama thelathini uani kwa Bi. Anatolia. Mnunuzi mwenyewe, Clavery, alikuwa amekaa kwenye kiti cha mbele na spika yake mapajani. Mkulima mmoja, mzee Kashaija, alikuwa ameshafunguliwa kidau cha wino aweke dole gumba kwenye mkataba wa butura. Bi. Eufrazia akasimama, akajitambulisha, akaanza kueleza, na sauti ikamtoka nyembamba, inatetemeka. Watu wakatazamana. Clavery akacheka kidogo. “Mama wa Kitabu namjua, nakaa naye kutwa nzima,” akasema. “Huyu bibi mmemwokota wapi, stendi?” Mwingine nyuma akadakia kwamba labda mama wa watu ameugua. Watu wakacheka, na mzee Kashaija akachovya kidole.

Sijawahi kuogopa vile kwenye kazi hii, na nimewahi kufukuzwa na mbwa nikiwa na katoni mbili za vitabu. Tulikuwa na mtu mwenyewe, aliye hai, amesimama mbele yao, na faili la dakika nne lilikuwa linaaminiwa kuliko yeye.

Ndipo Bi. Eufrazia akafumba macho, kama anavyofanya kabla ya kurekodi, akaanza kuisoma sura ya nne kutoka kichwani. Neno kwa neno, kwa ile sauti ya mnunuzi mpole. Kicheko kikakatika. Bi. Anatolia akasema kwa sauti ya chini, “Ni yeye.” Na alipofika mwisho wa sura hakupumzika, aliingia moja kwa moja kwenye sura ya tano, ile ambayo wengi wao hawakuwahi kuisikia, akaeleza kila sentensi tamu aliyotoka kuisema inamchukulia mkulima kitu gani. Alipomaliza, mzee Kashaija alikuwa anafuta kidole kwenye jani la mgomba. “Ta Clavery,” akasema kwa heshima, “spika yako imeishiwa betri.”

Ningependa wasifu uishie hapo na watu wapige makofi. Lakini Bi. Magdalena, mjane wa nyumba ya tatu, alikuwa ameweka dole gumba wiki moja kabla hatujafika. Kahawa yake ya msimu ule ilikwenda yote, na mwanawe wa kwanza hakurudi shule muhula uliofuata. Bi. Eufrazia alikwenda nyumbani kwake peke yake, sisi tukabaki njiani. Walichoongea hajakisema hata leo.

Kwenye safari ile ndiko ilikotoka sheria tunayojivunia sasa: hakuna sura inayotoka Rweya Vitabu ambayo haiwezi kusafiri peke yake. Onyo hutangulia, mfano hufuata, ndani ya faili lilelile. Alivirekodi upya vijitabu vyote ishirini na sita kwa miezi kumi na minne. Hakuongezewa mshahara, na niliandika barua mbili kuhusu jambo hilo ambazo bado zinasubiri majibu. Amemfundisha pia Bi. Stellah, atakayeshika maikrofoni kuanzia Jumatatu, na ambaye mbuzi wa jirani ameshamzoea.

Sasa niseme kinachotuogopesha. Mwezi wa nne uongozi ulitangaza kwamba vijitabu kumi na vinne vipya vitasomwa na programu ya kompyuta iliyojifunza sauti ya Bi. Eufrazia kutoka kwenye rekodi zake. Tumesikilizishwa sampuli. Ni yeye kabisa, mpaka anavyovuta pumzi. Ilisoma habari ya mikopo ambayo yeye hajawahi kuiona. Aliombwa atie saini ya kuiruhusu, akakataa. Aliuliza swali moja tu: “Mtu wa Kishanda akinipigia kuuliza nimesema nini, nitamjibu nini?” Aliambiwa rekodi ni mali ya kampuni na suala linashughulikiwa. Mpaka nakabidhi ukurasa huu, hajajibiwa.

Wiki iliyopita aliingia stoo na Eliud akarekodi faili moja la mwisho, la chini ya dakika moja. Anataja jina lake, tarehe ya leo ya kustaafu, na vijitabu ishirini na sita alivyovisoma. Kisha anasema kwamba kitabu chochote kipya kitakachosikika kwa sauti yake baada ya leo hajakisoma yeye, na msikilizaji asikipokee kama neno lake. Ofisi haijaruhusu faili hilo liwekwe kwenye mtandao wetu. Kupigwa ukumbini hakujakatazwa.

Bi. Eufrazia, asante kwa kila ukurasa uliotusomea. Tunakuombea afya, usingizi mtulivu, na miaka mingi ya kunyamaza unapotaka na kusema unachotaka mwenyewe.

Wageni wetu wa Kishanda, Kagoma na visiwani, Eliud atapiga faili hilo mara tu wasifu huu utakapomalizwa kusomwa. Tafadhali toeni simu zenu sasa, mrekodi, na mkirudi nyumbani mlirushe kwa kila mliyemrushia sura ya nne.