Pistoni ya Tatu

Fundi wa injini alikuwa amejikalia tu kwenye basi, mpaka jirani yake alipotoa mfukoni pistoni iliyotoboka katikati.

"Ya tatu mwezi huu," jamaa akalalamika. "Nimefunga mtungi wa gesi ya naitrasi, ile ya kuchochea moto wa injini, kwenye pikipiki yangu ya majini ili ikimbie, ila wauza spea wananipa vitu feki."

"Pole. Kwenye kabureta uliongeza petroli?"

"Nimeibana! Gesi ipo, petroli ya nini?"

"Umefanya la maana," fundi akasema, akichungulia tundu la pistoni. "Na oili imechanganywa humo humo kwenye petroli, nayo umeibana; basi pistoni itajipaka mate."

Jamaa akafurahi kusifiwa. "Leo nanunua mbili. Kesho namvusha mama mkwe ziwani."

"Anajua kuogelea?"

Basi likasimama mbele ya duka la spea.

"Sijawahi kumuuliza," jamaa akasema, akashuka huku akipiga mluzi.