Fundi Roger Sumaili na Janti Zilizokataa

Tuko hapa kwa ajili ya Roger Sumaili Mutanga, ambaye Kasongo ilimwita Fundi Roger tangu akiwa kijana, hata watu wasiokuwa na chombo chochote cha kutengenezewa. Familia imeomba maneno haya yasomwe kabla hatujamsindikiza. Mjane wake ameyasikiliza yote na kuyakubali, pamoja na yale ya siku za mwisho, ambayo tulisita kuyaandika.

Marehemu alizaliwa tarehe 14 Machi 1969 huko Wamaza, katika teritwari ya Kabambare, mtoto wa tatu kati ya saba wa Jean-Marie Mutanga, katekista na mkulima wa mpunga, na mama Safi Bitondo. Mama yetu, nami ni mdogo wake Roger, hupenda kusimulia kwamba Roger, akiwa na miaka sita, alijitengenezea gari la mianzi lenye magurudumu ya soli za kandambili. Wenzake walivuta ya kwao njiani yakiyumba, wakicheka, naye alikuwa bado ameketi na kisu akipunguza soli moja. Mama alimwambia, "Ivute tu, mutoto wangu, ni mchezo." Akajibu, "Mama, inachechemea." Wiki ile hakulivuta.

Alisoma shule ya msingi Wamaza, kisha akapelekwa Kasongo kusomea umekanika, na mwaka 1988 akapata diploma ya serikali. Alikuwa amekubaliwa kuendelea na masomo Lubumbashi. Mwezi wa Septemba mwaka huo huo baba yetu akafariki, na Roger akarudi shambani kwa misimu miwili ya mpunga. Hakuwahi kulitaja jambo hilo kama hasara. Sisi wadogo zake tuliofika mbali kishule tulifika kwa jembe lake, na hatukumwambia hivyo mara nyingi kama ilivyotupasa.

Mwaka 1991 alifungua garaji karibu na soko la Kasongo. Alitengeneza mashine za kusaga, pikipiki, majenereta ya maparokia na ya misikiti. Vita ilipokuja alizika vifaa vyake katika shamba la mihogo, na ilipopita alivichimbua, akavipaka mafuta kimoja kimoja, akaanza tena. Watu walimjua kwa kitu kimoja: hakurudisha chombo ambacho yeye mwenyewe asingekipanda. Kama kifaa hakifai, alikwambia hakifai, nawe ukaondoka umekasirika, ukiwa mzima.

Tarehe 27 Julai 1996 alifunga ndoa na Emilienne Kasiala katika parokia ya hapa Kasongo. Siku ile mvua ilinyesha. Bwana harusi alikuwa ameazima baiskeli ili ampeleke bibi harusi nyumbani, mnyororo ukakatika mbele ya kanisa, na Emilienne akatembea kwenye matope akiwa ameshika gauni kwa mikono miwili. Watu walicheka, naye alicheka pia. Roger hakucheka. Alimwambia, "Siku moja nitakutoa hapa kanisani umekaa, na miguu yako haitagusa chini." Mungu aliwajalia watoto watatu: Laura, Emmanuella na Pitchou.

Kuanzia mwaka 2010 hadi 2013 marehemu alikuwa mekanika wa mradi wa barabara ya Kasongo na Kabambare. Mkuu wake, mhandisi aliyeitwa Antoine, alikuwa ameleta kutoka kwao masanduku sita ya mbao. Ndani yake mlikuwa na vipande vya gari la kuunga mwenyewe, mfano wa gari la zamani la mashindano: viti viwili, halina paa, bodi ya plastiki ngumu, chini kama mkeka. Alitaka kuliunga jioni baada ya kazi. Mradi ulipofungwa akaondoka haraka, akamwachia Roger masanduku pamoja na barua ya kumpa yawe mali yake. Kwenye kitabu cha maelezo palikuwa na ukurasa mmoja ambao Roger aliusoma mpaka ukachanika: injini, ekseli na magurudumu, kila mtu atafute mwenyewe.

Injini na ekseli alizipata kwenye pikapu ndogo iliyokufa. Kwa miaka mitatu aliunga, Jumapili baada ya misa, na mwaka 2016 gari lilinguruma uani, likiwa juu ya matofali. Kilichobaki ni magurudumu tu. Janti za ile pikapu, yaani vyuma vinavyobeba tairi, zilifunga vizuri kwenye bulo, zile bolti za ekseli zinazoshika gurudumu, lakini zilikuwa kubwa mno kwa bodi ile. Usukani ukikunjwa kidogo, tairi lilikwaruza. Ilibidi apate janti ndogo za gari dogo, na katika mji wetu magari ni jipi na malori, wengine wote tuko kwenye pikipiki na baiskeli. Wageni waliouliza shida iko wapi aliwaeleza kwa subira: matundu matano yalingane na bulo tano, tundu la katikati lipokee kichwa cha ekseli, na janti isiingie ndani sana wala kutoka nje sana. Kimoja kikikosa, vyote vimekosa.

Emilienne alivumilia kwa utani wa mdomo wake. Jirani akimwuliza habari ya gari, alijibu, "Wenzangu wanaletewa bibi wa pili mwenye miguu. Mimi mwenzangu iko ya plastiki, na bado inakaa juu ya matofali." Roger naye aliitikia kutoka chini ya gari, "Ukimutukana hatakupakiza!"

Aliyemsaidia kutafuta ni rafiki yake Iliasi, mwenye pikipiki, mzaliwa wa Wamaza kama yeye, aliyekuwa akibeba abiria na mizigo kati ya Kasongo na Salamabila. Huko Salamabila, kwenye machimbo ya dhahabu, kulikuwa na wafanyabiashara walioleta magari madogo, yakavunjikia njiani. Mwaka 2017 Roger alikata kartoni ya sabuni, akaikandamiza juu ya bulo mpaka zikatoboa matundu matano, akamkabidhi Iliasi akisema, "Janti yenye kukubali hii, lete. Yenye kukataa, iache hata kama wanakupa bure."

Iliasi aliondoka. Mvua ikamkuta njiani, kartoni ikalowa. Alipofika Wamaza aliianika kando ya moto, ikajikunja kama jani. Akaona aibu kuipeleka hivyo, akaazima pasi ya makaa, akaipiga pasi ikanyooka. Akaenda nayo Salamabila, akapata janti nne nzuri, matundu yakalingana na kartoni kabisa, akarudi akiziimbia sifa. Uani kwa Roger bulo mbili ziliingia, tatu zikakataa.

"Haiwezekani, fundi," Iliasi alisema. "Nimepima mbele ya mashahidi."

Roger alichukua kartoni, akaigeuza, akaona alama ya pasi. "Iliasi, hii kitu umeifanya nini?"

"Nimeipiga pasi, juu ya heshima yako! Kama shati ya Idi!"

Kartoni ilikuwa imesinyaa kwa milimita mbili na kidogo. Roger alicheka mpaka akaketi chini. Iliasi akasema wachukue tupa, wapanue matundu, kazi ya nusu saa. Hapo Roger aliacha kucheka. "Ukipanua, janti inacheza. Ikicheza, inakata bulo njiani. Na pembeni yangu anakaa nani? Emilienne." Janti zikawekwa nyuma ya nyumba. Akakata kipimo kingine, safari hii kwa bati, na Iliasi alikibeba kwenye begi lake miaka sita. Mara alipata janti mbili, mwenye nazo akahama. Mara alipata nne, njia ya Salamabila ikafungwa kwa risasi, na ilipofunguliwa hazikuwepo.

Mwezi wa Novemba 2023 marehemu alianza kuvimba miguu. Alisema ni uchovu wa kusimama. Mwezi wa Februari daktari alitueleza kwamba ni figo, zote mbili, na kwamba zinahitaji mashine ya kusafisha damu ambayo huku kwetu haipo. Daktari alisema hayo akitazama meza. Tulipiga simu Kindu, Bukavu na Goma, kila mahali tulipokuwa na namba. Tuliandika barua za kuomba nafasi kwenye ndege. Majibu yalikuja ya heshima, yakitutaka tusubiri. Tulimpikia bila chumvi, tulimgeuza, tulimpepea, tuliomba. Hatukuwa na kitu kingine cha kufanya, na yeye alituona tukikosa cha kufanya, akawa anatutuma vitu vidogo, leteni maji, fungueni dirisha, nadhani ili mikono yetu isikae bure.

Mwishoni mwa Agosti hakutaka tena habari za ndege. Aliuliza jambo moja tu kila Iliasi alipoingia: "Zimepatikana?" Na Iliasi, ambaye hajui kusema uongo, alijibu, "Bado, fundi."

Ndipo Emilienne akamwita Iliasi jikoni. Nilikuwepo. Alimwambia, "Shemeji, zile za pasi. Ziko nyuma ya nyumba."

"Mama Laura, alikataza."

"Ninajua alikataza. Ninataka aione imesimama. Hakuna mutu atapanda. Isimame tu."

Iliasi alizipeleka kwa ndugu yake upande wa pili wa soko, ili sauti ya tupa isifike. Alipanua matundu siku mbili, akilia, alituambia baadaye. Alizipaka rangi nyeusi zisitambulike, na tairi zilizochakaa alizozivalisha alizisugua kwa mafuta. Jumamosi tarehe 31 Agosti, asubuhi, walizifunga, wakaondoa matofali. Kwa mara ya kwanza tangu liungwe, gari likagusa ardhi.

Tulimbeba marehemu kwenye kiti mpaka uani. Alilitazama muda mrefu. Macho yake yalikuwa yamepungua nguvu, nasi tulishukuru kwa hilo, Mungu atusamehe. Akauliza, "Zimekubali?"

Emilienne akasema, "Zimekubali."

Akaomba asogezwe. Tukasogeza kiti mpaka kwenye gurudumu la mbele. Aliweka kiganja juu ya bulo, akapitisha kidole kwenye ukingo wa kila tundu, pale tupa ilipopita, polepole, yote matano. Kisha akautafuta mkono wa mke wake, akaushika, akasema, "Iko muzuri sana. Asante." Halafu, kwa sauti ile ile aliyokuwa akiwaambia wateja wake, akasema, "Leo mutazitoa, Iliasi. Kabla mutu hajapanda."

Zilitolewa jioni ile ile, yeye akisikiliza spana kutoka kitandani. Aliaga dunia Jumanne tarehe 3 Septemba 2024, saa nne asubuhi, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitano. Gari liko juu ya matofali.

Marehemu ameacha mjane, Emilienne Kasiala. Watoto watatu, Laura, Emmanuella na Pitchou. Mjukuu mmoja, Esther-Divine. Mama yake mzazi, Safi Bitondo. Ndugu wanne, pamoja nami, mdogo wake Dieudonnée, ninayewasomea haya. Na rafiki yake Iliasi, ambaye familia inaomba ahesabiwe nasi.

Roger, kaka yetu, pumzika katika amani ya Bwana. Sisi tumeshindwa kukushika.