Mama Persila na Ngoma ya Mzee Migwalla

Ndugu waombolezaji, Mzee Migwalla uliyetoka Ahero, Bwana Hemant na jamaa zako, majirani wetu wa Dunga, karibuni mkae, na anayetaka kucheka asijizuie, kwa maana marehemu mwenyewe hakujizuia hata kanisani.

Mama yetu Persila Adero alizaliwa hapa Dunga mwaka wa 1893, siku haijulikani, lakini mchungaji alipodai tarehe wakati wa ubatizo, alijichagulia 12 Machi, akisema mtu mwenye akili huzaliwa mvua zikianza. Alisoma shule ya misheni tangu Januari 1907 hadi Desemba 1909, akajua kusoma na kuandika, kisha tarehe 4 Agosti 1912 akaolewa na baba yetu, Marko Oswago, mpakiaji mizigo gatini Kisumu, huyu mnayemwona pale, ambaye hadi leo anadai kwamba Mama ndiye aliyemtamani kwanza. Mungu akawajalia watoto watatu, Ezekia ninayewasomea, mwaka wa 1913, Dorka 1916, na Loisi 1919.

Tarehe 1 Juni 1921 aliajiriwa na Bwana Hemant, mfanyabiashara wa ngozi, aliyekuwa amefungua mjini chumba cha kuhifadhi vitu vya wazee wetu, vigoda, ngao, vikapu na mapambo ya kichwani, kazi ya Mama ikiwa kufagia. Bwana Hemant, kwa nia njema kabisa, aliamuru masizi yote yasuguliwe kwa sabuni, na kweli vitu viling'aa, lakini kabla mwaka haujaisha dumuzi walikuwa wamegeuza vigoda vitatu kuwa unga. Wakati huohuo, Aprili 1922, mafuriko yaliingia nyumbani kwa Mzee Migwalla, naye akaleta kwenye chumba hicho cha Bwana Hemant ngoma ya ukoo wake, ile inayolia wanapozikwa watu wa kwao tu, akamwachia Mama na kumwambia kwamba ikitoboka, yeye atazikwa kimya.

Mama hakupata raha, maana alijua kwamba yale masizi yaliyoonekana uchafu ndiyo dawa, kwao kila cha thamani kilitundikwa juu ya meko na wadudu hawakukisogelea. Akaichukua ngoma bila ruhusa, akaitundika jikoni kwake, lo, juu ya kamongo aliokuwa akiwabanika! Mafuta ya samaki yakapanda na moshi hadi kwenye ngozi, na iliporudi mjini paka wa mtaa mzima wakauzingira mlango, mmoja akakutwa ndani ameshaanza kulamba. Bwana Hemant alifoka, akamwambia aende zake, naye Mama akajibu kwamba ataenda, sawa, lakini kwanza aiponye ngoma ya watu, kwa kuwa ahadi ni deni. Akaifuta kwa majivu siku tatu, akaifukiza upya kwa kuni kavu pasipo samaki, na miezi ikapita, dumuzi wakala kila kitu mle ndani isipokuwa ngoma. Hapo Bwana Hemant aliomba radhi, akamjengea meko nyuma ya chumba, na tarehe 3 Septemba 1922 akamkabidhi ufunguo, nao haukumtoka kiunoni miaka karibu kumi na mitano. Alirudi nyumbani kila jioni akinuka moshi, na Baba hakulalamika, au tuseme alilalamika kidogo.

Februari mwaka huu wa 1937 moyo ulianza kumsumbua, miguu ikavimba, akalazwa hospitalini Kisumu tarehe 9 Julai, akituuliza kila tulipokwenda kama tumewasha meko, hadi alipotutoka asubuhi ya tarehe 19 Agosti.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi, majirani mliotuletea kuni na unga, wenzake wa kazini, na wenye paka, ambao Mama aliwasamehe zamani.

Ngoma mliyoisikia asubuhi hii, ambayo Mama alimrudishia Mzee Migwalla salama, naye leo ameibeba kichwani mwenyewe kutoka Ahero, ni ileile, ngozi ni ileile, na haijawahi kulia kwa mtu asiye wa ukoo wake mpaka leo, na tulipomuuliza, Mzee alishangaa, akasema kwani Persila alikuwa wa ukoo gani mwingine.

Mama, haikutoboka. Pumzika kwa amani, meko tumewasha.