Shukrani za Kisima Kisichokuwepo

Ndugu Mgeni Rasmi,
Ndugu Mkuu wa Chuo,
Walimu wetu,
Wazee wa Nachenjele na Mtondia mliotembea tangu alfajiri,
Ndugu wanachuo, na nyinyi mlioning'inia madirishani,

KARIBU NAMKOLE

Sisi wanachuo wa mwaka wa pili wa Chuo cha Ualimu Namkole tunakukaribisha katika siku hii ya kufunga masomo, Novemba 1976. Ukumbi huu ulijengwa kwa watu mia na ishirini. Leo wamo zaidi, na sisi hatuoni ubaya; nyumba ikijaa hata jambo zito hupata pa kuegemea. Tumeonywa tusizidi dakika kumi. Tutajitahidi.

SOMO LILIVYOANZA

Somo la Kuandika na Kusema Mbele ya Watu lilianza hapa mwaka 1973, katika chumba kilichokuwa stoo ya magunia ya korosho. Wanafunzi walikuwa kumi na mmoja. Vitabu havikuwepo, na daftari lilikuwa migongo ya fomu za zamani. Aliyelianzisha ni Mwalimu Modesta Komba, mwenyeji wa Songea, ambaye amekaa safu ya tatu na ametuomba tusimtaje sana. Tumemsikia.

Somo letu la kwanza sisi lilifanyika sokoni Mtwara. Mwalimu alitupeleka kwa mama mmoja muuza pweza, akatuambia tusimame tumsikilize asubuhi nzima. Mama yule hakumsifu pweza wake hata mara moja. Kila mama aliyepita, yeye alimwita kwa jina la mwanawe: "We mama Hassani, huyo Hassani leo anakula nini?" Na mama Hassani akasimama. Tuliporudi darasani mwalimu akauliza tumejifunza nini. Mmoja wetu akajibu kuwa pweza amepanda bei. Alirudishwa sokoni peke yake.

Somo la pili lilikuwa bwaloni. Mwanachuo anapanda juu ya sanduku wakati wenzake wanakula ugali wa muhogo, anazungumza. Wakiacha kutafuna, amefaulu. Wakiendelea, anashuka, na mara nyingi anakuta mboga imekwisha.

TULIYOYAPATA

Leo tuko hamsini na wanne. Katika miaka mitatu wanachuo wameandika barua na risala kumi na tisa kwa niaba ya vijiji ambavyo vilikuwa bado havijapata mtu wa kuviandikia. Kijiji kimoja upande wa Mnazi Bay kilirudishiwa mkunga wake kwa barua ya kurasa mbili, na mtoto wa kwanza aliyezaliwa baadaye akaitwa Barua. Mama yake yupo, mnaweza kumuuliza.

Kazi hiyo ina utaratibu wake. Mwalimu Modesta husema neno la mwenzako ni mtungi wa kuazima. Ukimaliza nao mrudishie, autazame kama haukupata ufa. Kwa hiyo wanachuo wawili hukaa kijijini siku tatu, husikiliza, huandika, kisha huwasomea wenyewe yote waliyoandika. Wenyewe husema "ndiyo hayo" au "siyo hayo". Huko sisi tunakuita kurudisha mtungi. Karatasi ambayo haikurudishwa haisomwi mbele ya mgeni.

YALIYOTUSHINDA

Hapa, Ndugu Mgeni Rasmi, risala nyingi hutaja uchache wa madawati. Madawati ni machache kweli. Lakini tuliloshindwa sisi ni jingine, na wewe mwenyewe ulikuwepo.

Mwezi wa Julai ulipotembelea vijiji vya njia ya Kilambo, wanachuo wawili walitumwa kuandika risala za Nachenjele na Mtondia. Nachenjele walifika, wakasikiliza, wakaandika, wakarudisha mtungi. Kijiji hicho kina kisima kipya na kilitaka kushukuru. Risala ilikuwa nzuri.

Kutoka hapo hadi Mtondia ni maili nane. Wanachuo hao walieleza baadaye kuwa baiskeli ilipasuka mpira. Baiskeli haikupasuka. Wiki ile vijana wa Nachenjele walikuwa wanatoka jandoni. Kulikuwa na ngoma ya sindimba, wali na kuku, ming'oko, vile viazi vya porini, kwa sinia, na habari za kila nyumba kutoka Nanyamba hadi mtoni. Wageni hao hawakuinuka. Siku ya tatu waliinakili risala ya Nachenjele, wakabadilisha jina la kijiji, wakampa mwendesha baiskeli aipeleke Mtondia.

Aliyepewa kuisoma ni Bi Fatuma Chilumba, aliyekuwa na mwezi mmoja tangu afaulu mtihani wa kisomo cha watu wazima. Aliipata karatasi asubuhi ileile. Ilikuwa mara yake ya kwanza kusoma mbele ya watu. Akafika pale paliposema, "Sisi wanakijiji wa Mtondia tunashukuru kwa kisima chetu, ambacho kimewapumzisha mama zetu."

Watu wakatazamana.

"Kisima kipi?" akauliza mzee mmoja.

"Nyamaza, mzee Mussa. Kimeandikwa."

"Kimeandikwa, kiko wapi?"

"Kinakuja! Wangeandikaje kitu kisichokuja?"

Basi wakapiga vigelegele. Hawakukudanganya, Ndugu Mgeni Rasmi. Walidhani wanapokea habari. Walikuwa wametumia majira matatu ya kisomo kujifunza kwamba kilichoandikwa ni cha kuaminiwa, na tuliowafundisha hivyo ni sisi. Wewe ulitabasamu, ukaandika katika kijitabu chako.

Mtondia wakasubiri. Mwezi wa Septemba walituma mjumbe kuulizia kisima chao kinafika lini. Alijibiwa kwa heshima kwamba kumbukumbu zinaonyesha Mtondia ina kisima, wanakijiji wameshakishukuru mbele ya mgeni, na jina la kijiji limeondolewa katika orodha ya vitakavyochimbiwa mwaka ujao.

Mama wa Mtondia bado wanateka maji mtoni Ruvuma. Wanakwenda wanne wanne, wawili wanateka na wawili wanapiga maji kwa fito kuwafukuza mamba. Ndivyo walivyofanya jana.

Chuo kilipoulizwa nani aliandika, Mwalimu Modesta alijibu, "Ni somo langu." Hakutaja jina la mtu. Somo limesimamishwa, na barua ya uhamisho wa mwalimu imefika. Wenye majina walikaa kimya wiki tisa, wakila bwaloni pamoja nasi.

Majina hayo ni Ndugu Gaudensi Mwambe, aliyekaa pale karibu na mlango, na Shabani Nampoto, ambaye ndiye anayewasomea risala hii. Darasa liliamua asome yeye. Hakuomba kubadilishwa.

TULIVYOJADILIANA

Ilikuwa desturi sehemu hii iwe ya maombi. Tulikuwa na saba. Mwalimu alishatufundisha kuwa risala yenye maombi saba haina ombi, tukayapunguza hadi mawili, na hapo ndipo tulipogombana.

Ndugu Magreth, kiongozi wa darasa, alisema, "Tumwombee mwalimu abaki. Kisima kitasubiri."

"Kitasubiri na mamba?" akasema mwenzetu mmoja. "We dada, umewahi kuteka maji pale?"

"Na wewe umewahi?"

"Mama yangu anateka."

"Basi tuweke yote mawili, mbona ni mistari miwili tu!"

Mwalimu Modesta alikuwa amekuja kuchukua chaki zake. Akauliza tunaandika kwa jina la nani. Kisha akasema, "Mkiomba mawili, mgeni atawapa lililo jepesi, na atakwenda akiwa ametimiza. Mimi ni mwepesi. Uhamisho wangu unafutwa kwa kalamu. Kisima kinataka watu, mashine na jina kurudi orodhani. Andikeni kisima."

Akachukua chaki, akatoka.

OMBI

Ndugu Mgeni Rasmi, ombi letu ni moja. Tunaomba ufungue kijitabu kile cha mwezi wa Julai, ukurasa wa Mtondia, uandike kwa mkono wako kwamba kijiji hiki hakina kisima, na jina lake lirudi katika orodha. Kosa lilikuwa letu. Maji si yetu.

Risala hii tumeirudisha. Jumapili iliyopita tulikwenda Mtondia wote hamsini na wanne, kwa miguu, tukaisoma mbele ya kijiji. Mzee Mussa alituambia, "Nyinyi walimu wa kesho, mnashukuru hata kiu!" Bi Fatuma alitaka kujua jambo moja tu.

"Safari hii mmeandika hakipo?"

"Hakipo, bibi."

"Someni tena hapo."

Tukasoma tena. Akaichukua karatasi, akaupitisha mstari ule kwa kidole chake mwenyewe, neno kwa neno, hadi kituo.

"Ndiyo hayo," akasema.

Jambo la mwisho. Mwalimu Modesta Komba anaondoka Jumamosi, kwa lori la saa kumi na mbili asubuhi. Hilo si ombi, Ndugu Mgeni Rasmi. Ni taarifa.

Mwenyezi Mungu akurudishe nyumbani kwa amani, na kila utakapofika ukiwa na kiu, ukute maji.

Ni sisi,
Wanachuo wa Mwaka wa Pili,
Somo la Kuandika na Kusema Mbele ya Watu,
Chuo cha Ualimu Namkole, Mtwara.

Imesomwa na Shabani Nampoto.
Imerudishwa Mtondia, ikakubaliwa.