Viti Sita vya Mzee Étienne: Maisha ya Baba Yetu Liévin Bahemuka

Wachungaji wetu, wazee wa Rwambuzi, jamaa mliotoka Kilo na Bogoro, na ninyi mafundi mlioacha mbao zenu leo, familia inawasomea maisha ya baba yetu Liévin Bahemuka, polepole, ili hata watoto waliokaa mbele wasikie.

Marehemu alizaliwa Kilo tarehe 12 Machi 1951, mtoto wa tatu wa Mama Godelive na Mzee Étienne Mugeni, seremala wa karakana ya migodi, na ni katika karakana ile, kati ya mwaka 1953 na 1958, Mzee Étienne alitengeneza viti vya mvule kwa nyumba za mainjinia, viti ambavyo miguu yake ya nyuma imelala kidogo kama ya mbuzi anayetaka kuruka, na umbo hilo alilifikiria mwenyewe, kwa kuwa mchoro aliopewa ulizaa kiti kilichomuumiza mgongo kila alipokijaribu. Chini ya kila kiti alichoma alama kwa chuma cha kutia alama ng'ombe wa ukoo wao, mwezi mwandamo na kistari, maana hakujua njia nyingine ya kusema kwamba kitu ni chake. Mainjinia walipoondoka mwaka 1960 walimwachia viti sita, akavibeba kichwani, kimoja kimoja, mpaka nyumbani.

Liévin alisoma shule ya msingi Kilo kuanzia 1957 hadi 1963, kisha ufundi hapa Bunia, akapata cheti cha brevet Julai 1968, na mwaka 1974 akafungua karakana yake hapa Rwambuzi. Tarehe 14 Agosti 1976 alifunga ndoa na Mama Brigitte huko Bogoro, wakajaliwa watoto watatu, Christian, Plamedie, na Orly aliyetutangulia mwaka 1994. Mzee Étienne alifariki tarehe 3 Novemba 1989, na siku zake za mwisho alimkabidhi Liévin viti sita na kile chuma, akamwomba jambo moja tu, kwamba siku moja watu wajue nani alivitengeneza.

Viti vile vilivuka vita chini ya magunia ya maharagwe ya jirani yetu Isidore. Havikuvuka amani.

Mwaka 2014 alifika mfanyabiashara mmoja, Alphonse, akitafuta viti vya zamani vya migodi, kwa sababu katika miji mikubwa watu walikuwa wameanza kuvipenda tena, na Baba alipokataa kuviuza, Alphonse akamwomba atengeneze vingine vinavyofanana navyo. Baba alifurahi, aliona jina la baba yake linaanza safari, akafungua kiti kimoja kipande kwa kipande ili apate vipimo, akajifunza kuzeesha mbao mpya kwa majani ya chai na moshi, na katika miaka sita akatengeneza zaidi ya mia moja, vyote akavichoma chuma kilekile. Mama Brigitte alimtania mbele ya wafanyakazi wote, «Baba Christian, weye unazalisha ngombe ya watu yote, kesho utajua yako ni gani?», naye akajibu bila kuinua uso, «Ndama ya ngombe yetu, nitaiwekea alama ya nani?» Kwetu sisi tulioamka kila asubuhi kando ya zizi, jibu hilo lilikuwa sawa kabisa, na hakuna aliyemkosoa.

Mwaka 2020 karakana ilihama kiwanja, vijana wakapakia viti vyote katika lori moja, na mtu alipomuuliza Baba vile sita vya Mzee Étienne viwekwe wapi, alicheka, akasema mwenye ng'ombe hapotei zizini.

Juni 2021 alikuja Bi Christella, anayekusanya viti vya miaka ile kwa ajili ya maonyesho Kinshasa, akiwa na daftari ambamo viti vya Kilo viliandikwa «fundi hajulikani», na alikuwa tayari kabisa kuandika jina la Mzee Étienne kama angeonyeshwa hata kiti kimoja cha hakika. Baba, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kuingia ukungu, aliinamisha viti arobaini na vitatu vilivyobaki karakanani kimoja baada ya kingine, vyote vina mwezi na kistari, vyote vimezeeka sawasawa, akivipapasa na kusema, «Ni hii... hapana, ngoja, ni ile», mpaka saa sita, na hata parafujo hazikumsaidia, kwa kuwa miaka ile vile vya zamani navyo alikuwa amevikaza vyote kwa parafujo mpya. Bi Christella alimshika mkono kwa heshima, lakini hakuandika kitu, na baadaye alituma habari kwamba hata viti vya Kilo alivyokuwa navyo tayari amevitoa katika maonyesho, maana vya kuiga vimeenea na hakuna tena anayeweza kuviamini. Mwaka uliofuata vikaja sokoni viti vya kiwandani vya bei ndogo, na alama yetu imechapwa chini yake kwa rangi.

Tangu hapo Baba hakugusa randa. Aliketi karakanani akipapasa migongo ya viti, Machi 2023 macho yakapofuka kabisa, Agosti mwaka huu alipooza upande wa kuume, na Jumanne tarehe 7 Oktoba 2025, saa kumi na moja alfajiri, alifariki hapa nyumbani, akiwa na miaka sabini na minne.

Viti vya mbao mnavyokalia hapa uwanjani vimetoka karakanani mwake, na huenda mmoja wenu amekalia kazi ya Mzee Étienne, lakini hajui, na sisi hatujui.

Tunawashukuru madaktari na wauguzi waliomhudumia, Isidore na majirani waliokesha nasi, mafundi wenzake waliolitengeneza sanduku hili bila kuiga lolote, na nyote mliokuja kwa miguu. Chuma tumekiweka mkononi mwake.

Baba Liévin, pumzika kwa amani, na ukikutana na Mzee Étienne, umwombe msamaha kwa niaba yetu sote, jina lake tumelisoma leo, lakini hatuna kiti cha kuonyesha.